Keki Iliyozama Katikati

“Nipe simu yako.”

“Ya nini tena?”

“Nipe simu kabla sijakupasua kichwa na hili bati la keki!”

Fundi umeme alimtazama mkewe, unga umemjaa hadi viwikoni, akajua leo hakuna utani. Akaitoa.

Mezani kulikuwa na keki mbili. Moja imeumuka, laini. Nyingine imezama katikati, ndani mbichi, inanata kwenye kijiti. Mchanganyiko ulikuwa mmoja. Mama Keki, kama wateja walivyomwita mkewe, aliugawa makusudi, nusu akaoka kwake, nusu kwa jirani.

Mwezi mzima keki zilikuwa zinamzamia. Alibadilisha unga, akabadilisha mayai, akapunguza kukoroga, wapi! Mwisho akamgeukia wifi yake waliyekuwa wakiishi naye: lazima ndiye anayefungua oveni kabla keki haijashika. Wiki iliyopita binti wa watu alifunga begi huku analia.

“Naweka mia na themanini, kipimajoto cha jirani kinasoma mia na thelathini! Nani aliitengeneza hii oveni?”

“Mke wangu, punguza sauti…”

“Sipunguzi!”

Akafungua meseji za mumewe na wifi.

“Mdogo wangu, vumilia. Nilifunga kidhibiti joto cha oveni nyingine, hakiendani. Nikipata chake nitabadilisha kimyakimya.”

“Sawa kaka, nitanyamaza. Ila wifi nampenda, inaniuma anavyoniona mbaya.”

Mama Keki aliketi. Hasira ilimpanda, na aibu juu yake.

“Ulisimama hapo mlangoni,” alisema. “Namwita dada yako mchawi wa keki zangu, wewe unakunywa chai!”

“Niliogopa. Kila mteja unamwambia, ‘Mume wangu ndiye fundi wangu.’ Ningekuangaliaje?”

“Ungeniangalia kwa macho, kama watu wengine! Ungeniambia, ‘Nimekosea,’ ningekununia siku mbili yakaisha. Sasa umenifanya nimfukuze mtu asiye na kosa!”

“Nisamehe.”

“Siyo mimi wa kwanza kuombwa.”

Alimpigia wifi mwenyewe.

“Wifi, mimi nilikosa. Nisamehe, rudi nyumbani.”

Upande wa pili ikasikika kwikwi.

“Kaka amesema?”

“Meseji zimesema. Yeye anakufuata sasa hivi.” Akakata, akamgeukia mumewe. “Mkirudi wawili, nafungua mlango. Ukirudi peke yako, utalala barazani.”

Jioni ilipobishwa hodi, Mama Keki alimkumbatia wifi yake mpaka begi likaanguka. Mumewe akasubiri zamu yake, mikono kaitanua.

Alipewa sahani. Keki iliyozama, nzima.

“Kula.”

“Yote?”

“Yote. Mwezi mzima wateja wangu wameila.”

Akala mbele yao, anameza kwa shida, wifi anacheka huku anafuta machozi. Alipomaliza, Mama Keki alinyoosha kidole, akamtoa chembe ya keki kwenye masharubu.

“Bado nimekasirika,” alimwambia.

“Najua.”

“Kesho ukanunue kidhibiti kipya. Nitakwenda na wewe.”