Nywele za Bibi wa Ijumaa

Asubuhi moja, saluni kwake, Fundi alikuwa akimgombeza msichana mmoja aliyezoea kuchana nywele zikiwa kavu, tena kuanzia kwenye ngozi. Nywele zinazokatika, alimwambia, huchanwa zikiwa na unyevu, kuanzia nchani kupanda juu, kwa subira ya mtu anayefungua fundo la uzi. Shampuu iwe laini, ipakwe kwenye ngozi ya kichwa tu, povu lenyewe litashuka. Na ile misuko ya kukaza mpaka nyusi zinapanda, aache. Msichana aliitikia kila neno, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo, yakitazama kilemba cha Fundi.

Kila mteja alijua kilichokuwa chini ya kile kilemba. Kinyozi hajinyoi. Miaka yote Fundi alipendezesha vichwa vya watu, na chake akakisuka harakaharaka, kwa kukaza, ili kidumu. Sasa nywele za mbele zilikuwa zimemhama, na zilizobaki zilikatika mkononi. Akajaribu shampuu ya mayai, akajaribu ya mwarobaini, akajaribu ya vitunguu iliyomfanya mumewe alale akitazama ukuta. Alibadilisha chupa kabla ile ya kwanza haijapata nafasi ya kufanya kazi, jambo ambalo angemkaripia mteja yeyote kwa kulifanya. Hofu haina darasa.

Wateja wakaanza kupungua. Nani amwamini msusi mwenye upara? Mdogo wake, aliyekuwa akiosha vichwa pale saluni na ndiye aliyenisimulia haya, alikuwa akimsikia akifungua bomba nyuma ya pazia na kuliacha limwage maji bure. Alijua dada yake analia. Kazi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake, hakuwa na nyingine na hakuitaka nyingine.

Mteja ambaye hakukosa alikuwa ajuza mmoja waliyemwita Bibi wa Ijumaa, kwa sababu ya siku yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana, lakini nywele zake zilikuwa nyeusi tii, nzito, zikifika kiunoni. Alitaka kuoshwa tu. Na kila mara, akishalaza shingo kwenye sinki, alitoa agizo lilelile.

"Huko nyuma maji matupu, wajukuu zangu. Shampuu inaniwasha macho."

Shampuu ya kisogoni iwashe macho! Wakasubiri aondoke ndipo wacheke. Uzee una mambo yake, alisema Fundi, ukifika usiupinge.

Pale saluni palikuwa na desturi isiyovunjwa. Nywele zilizonasa kwenye kitana cha mteja hufungwa kwenye kipande cha gazeti, naye huondoka nazo mwenyewe. Nywele za mtu ni mtu. Zinazokatwa kwa mkasi zinafagiwa, lakini za kitanani hazilali pale. Bibi wa Ijumaa ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikagua sakafu, akapitisha kidole kwenye kichujio cha sinki, ndipo akaridhika.

Ijumaa moja macho yake hayakufika kila mahali. Kishungi kidogo cha nywele zake kilikuwa kimebaki nyuma ya bomba. Fundi alikiona, akakitia kwenye mfuko wa aproni yake. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka kukishonea mbele, kwenye vile vinyweleo vilivyobaki, afunike aibu mpaka nywele zake zirudi. Msusi gani asiyejua kushonea nywele?

Mlangoni Bibi alisimama. Akagusa kisogo chake, akautazama mfuko wa aproni, akatabasamu. Siku hiyo aliondoka bila kudai kifurushi chake cha gazeti.

Zikapita wiki chache. Fundi alipotaka kufumua uzi aliotumia kukishonea kile kishungi, uzi ulitoka na nywele zikabaki. Zilikuwa zimeota. Zikaenea utosini, zikateremka mpaka kisogoni, nyeusi, nzito. Kilemba akakitupa. Wateja wakarudi kwa vishindo, na Fundi akawa anacheka mpaka wapita njia wanasikia. Bibi wa Ijumaa hakuonekana tena.

Kisha ikaja alasiri moja isiyo na wateja, jua limejaa dirishani. Fundi alilala kwenye sinki, macho amefumba, aoshwe na mdogo wake. Shampuu ya kila siku ilikuwa imekwisha. Mdogo wake akainama, akachukua chupa nyingine kwenye rafu iliyo chini ya sinki.

"Hiyo ya kijani ya nini?" alisema Fundi. "Chukua ile nyeupe."

Mdogo wake akacheka. Rafu ile haionekani ukiwa umelala pale, hata ukikodoa macho. Akamiminia kiganjani, huku akiuliza ameionaje.

Fundi alishika kingo za sinki.

"Niangalie," alinong'ona. "Macho yangu yamefumba?"

"Yamefumba, dada."

"Naona sinki. Naona mkono wako unakuja."

Mkono ulikuwa umeshafika. Povu likaingia. Fundi akapiga yowe moja na kushika kichwa kwa mikono miwili. Hakushika uso. Alishika kisogo.

Mdogo wake aliitoa ile mikono kwa nguvu. Akatenga nywele. Povu likateleza. Chini yake palikuwa na mikunjo miwili ya ngozi, imekaa sambamba. Kila mmoja ulikuwa na mstari wa nywele fupi zilizopinda. Ilikuwa imefumbwa kwa nguvu, kama macho ya mtoto anayeogeshwa.

Walinyoa siku hiyohiyo, mlango umefungwa kwa ndani. Mashine ilipopita kisogoni walikuta ngozi laini, tupu. Wakakumbatiana, wakalia. Nywele wakazichoma uani mpaka zikawa majivu. Kulipokucha, zilikuwa zimerudi mpaka mabegani.

Fundi akaanza kumtafuta Bibi wa Ijumaa kama mtu anayetafuta daktari. Aliuliza sokoni, aliuliza kwenye maduka, wengi hawakumjua. Hatimaye walimkuta kwenye genge la mboga, anachagua nyanya, upara wake unang'aa chini ya kitambaa chepesi. Alionekana kijana. Alionekana mtu aliyelala akashiba usingizi.

Fundi alipiga magoti palepale, mbele ya watu. Alimwomba azichukue. Alisema yuko radhi kubaki na upara mpaka kaburini, yuko radhi kufunga saluni.

"Sikukupa, mjukuu wangu," Bibi alisema taratibu. "Ulichukua. Na mimi zamani nilichukua. Kilichochukuliwa hakirudishwi."

"Basi niambie haya macho yanaangalia nini."

Bibi aliirudisha nyanya mahali pake. Akainama, akamsemea sikioni, na mdogo wake aliyasikia kwa sababu alikuwa amemshika dada yake bega.

"Walio nyuma yako. Ukigeuka huwaoni, lakini yenyewe yanawaona. Yakiwa wazi, hawasogei. Kwa hiyo usiyawashe kwa shampuu. Yakifumba, wanasogea, na wakisogea hawarudi nyuma."

Tangu siku hiyo Fundi hajanyoa. Anafanya kazi kama kawaida, na saluni imejaa mpaka watu wanasubiri nje. Hacheki tena. Wateja wanazisifu nywele zake, wanazishika, wanabembeleza wajue siri yake ni shampuu gani. Naye huwaonyesha chupa ndogo yenye picha ya bata, ile ya kuogeshea watoto wachanga. Anasema ni laini, haikatishi nywele. Kisha, kwa sauti ya chini, anaongeza kwamba haiwashi macho.

Jioni mdogo wake ndiye anayefagia. Nywele zilizokatwa mchana kutwa zinakuwa zimetapakaa sakafu nzima, nyembamba, sawasawa, kama unga uliochekechwa. Ila nyuma ya pale anaposimama Fundi, mahali ambapo mteja hakanyagi, pana sehemu mbili zisizo na unywele hata mmoja. Zina umbo la nyayo, vidole vyote vinaonekana, vimeelekea kwake. Anasema ukimweka Fundi pale na mwenye nyayo hizo, katikati yao hapapiti hata ufagio.