Mume Aliyeogopa Kupona

"Dada, pole sana kwa msiba wa mama."

Msusi alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja.

"Msiba gani? Nani mwenzangu?"

"Mimi nesi wa wodi ya upasuaji. Mumeo alipiga kuahirisha tena operesheni ya kurudishiwa utumbo. Amesema amefiwa na mama mkwe."

Msusi aliinamisha macho. Mteja aliyekuwa akimsuka ni mama yake mzazi, mzima wa afya, anatafuna karanga.

"Umesema ameahirisha tena, nesi?"

"Mara ya kwanza alisema ana mafua. Daktari anashangaa, maana tumbo liko tayari kabisa."

Simu ilikatika, au yeye ndiye aliyeikata. Hakumbuki.

"Nani kafa?" mama aliuliza.

"Wewe, mama."

Alimwacha na kichwa nusu, akatoka mbio.

Nyumbani alimkuta Fundi, mumewe, amepiga magoti nyuma ya friji la mteja. Shati lilikuwa nje ya suruali, kama kawaida yake tangu utumbo ulipotoboka mwaka uliopita. Madaktari waliokoa maisha yake kwa kuutokeza nje ubavuni, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Msusi ndiye aliyeubadilisha kila siku. Na ndiye aliyeambiwa na mumewe kwamba operesheni imesogezwa kwa sababu mashine ya hospitali imeharibika.

"Umemuua mama yangu lini?"

Bisibisi ilianguka.

"Nesi amepiga?"

"Amenipa pole! Mama anatafuna karanga, mimi napewa pole! Unaogopa kisu?"

"Hapana."

"Unaogopa kufa?"

"Mke wangu, acha tu."

"Siachi! Sema!"

Fundi aliketi sakafuni, akaegemea friji.

"Siku ile nilipoanguka, ulikuwa umeshafunga mizigo. Dada yako alikuwa njiani kuja kukuchukua."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wameishi miezi kama wapangaji wawili, salamu yenyewe ya shida, naye akachoka. Fundi alipodondoka jikoni akilia tumbo, aliiacha mizigo mlangoni, akapanda naye gari la wagonjwa. Tangu hapo hakuna aliyeligusa jambo hilo.

"Sijui ulibaki kwa ajili yangu au kwa ajili ya huu mfuko," Fundi alisema. "Nikishafungwa tumbo, nitajua. Sitaki kujua."

Angepigwa kofi, Msusi asingeshtuka hivyo.

"Kwa hiyo umeamua kunifunga kwa mfuko wa choo?"

"Sikuwaza hivyo."

"Uliwaza hivyohivyo! Mimi nafua mashuka, namwomba Mungu siku ifike, kumbe wewe unaikimbia!"

"Niambie tu hutaondoka. Kesho asubuhi niko hospitali."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Sijui, Fundi! Sijui kama nakupenda au nimezoea kukuuguza. Mwaka mzima naangalia kidonda, wewe sijakuona. Lakini tumbo ni lako. Lifunge kwa ajili yako, siyo kwa ajili yangu."

Fundi aliinuka sakafuni. Alitoka akakaa kibarazani peke yake, mkono juu ya mfuko. Jua lilikuwa linazama Msusi alipomsikia akizungumza na simu.

"Nesi, mama mkwe amefufuka."

"Heee! Basi tumshukuru Mungu. Na wewe je?"

"Mimi naogopa."

"Ulipaswa kuniambia hivyo tangu mwanzo, kaka. Woga tunautibu. Misiba ya uongo hatuna dawa yake."

Siku ya operesheni Msusi alimsindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Hawakuahidiana kitu.

"Nikitoka salama, uko huru," Fundi alisema.

"Ingia, bwana. Daktari anasubiri."

Alitoka salama. Sasa ikabaki kungoja ushuzi, maana ndio ungeonyesha kwamba utumbo umeanza kazi. Wodi nzima ilimngojea. Msusi alikuwa saluni ujumbe ulipoingia:

"NIMEJAMBA."

Alikaa chini katikati ya wateja, akalia kama mtoto. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Wiki zikapita, Fundi akapata nguvu, akarudi kazini. Jioni moja alirejea akakuta nusu ya kabati tupu. Simu ikalia mkononi mwake, ujumbe wa Msusi:

"Nimeenda kwa dada. Sikuondoka kwa hasira. Nilingoja usimame kwa miguu yako. Ukitaka nesi, namba yake unayo. Ukitaka mke, njoo unitongoze."

Aliusoma amesimama, akausoma tena amekaa. Kile alichokiogopa mwaka mzima kilikuwa kimetokea, na bado alikuwa anapumua.

Kesho yake alichomekea shati, akafunga mkanda juu ya tumbo lisilo na mfuko. Dada mtu ndiye aliyemfungulia.

"Shemeji! Umemfuata mkeo?"

"Hapana. Nimekuja kutongoza."

Msusi alitokea, amejipaka wanja. Fundi alisahau yote aliyoyapanga njiani.

"Umependeza," alisema.

"Endelea."

"Nilikuwa mkimya hata kabla sijaugua. Nilidhani kuleta chakula ndani kunatosha. Nataka tu..." Uso ukamkunjamana. "Samahani. Choo kiko wapi?"

Utumbo uliolala mwaka mzima haukujua adabu za ugenini. Alikimbia. Dada mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Msusi akaenda kusimama nje ya mlango wa choo.

"Wewe mwanaume, ndiyo unanitongoza hivi?"

"Naona aibu," sauti ilitoka ndani.

"Usione. Tangu jana nachungulia dirishani kuangalia kama unakuja. Nimebadilisha gauni mara tatu."

"Kwa nini?"

"Mgonjwa havaliwi magauni matatu, Fundi."

Maji ya choo yakamwagika. Kisha sauti ikauliza:

"Kwa hiyo umejua kama unanipenda?"

"Nimejua. Nawa mikono utoke, nikuone vizuri."