Ratri na Ukurasa wa Mlima Gandarum

Kila asubuhi, baada ya kuwakatia ng'ombe majani, Ratri aliutazama Mlima Gandarum, volkano iliyo juu ya kijiji chao. Kisha aliazima simu ya mama yake, akaandika kwenye ukurasa wa mtandaoni wa darasa lao: moshi una rangi gani, upepo unaelekea wapi na kituo cha kuchunguza mlima kimetangaza nini. Siku nyingine alieleza kwa nini ardhi hutetemeka, au jinsi miamba inavyoyeyuka chini kabisa. Aliandika Kijava chepesi, lugha ya kijijini, ili hata mabibi waelewe.

Wasomaji walikuwa wachache. "Ukurasa wako umechacha kama tempe ya juzi!" binamu yake Bagas alimtania, akiufananisha na ule mkate wa soya uliochachushwa.

Siku moja Bagas alikuja mbio. "Ratri, ona video hii! Gandarum unatema moto! Iweke upesi, tutapata watazamaji maelfu!"

Ratri aliitazama kwa makini. "Mbona kuna theluji hapa? Tangu lini theluji ikaanguka Gandarum?"

"Nani ataangalia theluji? Weka bwana!"

Ratri alitamani kusomwa, ila si kwa uongo. Nje, video ilikuwa imeshasambaa: watu walikuwa wanafunga mizigo, na jirani mmoja analia huku akiwafungulia ng'ombe wake wajiendee. Ratri akampigia Pak Wiyono, yaani Bwana Wiyono, mchunguzi wa kituoni.

"Samahani, Pak. Eti mlima umelipuka?"

"Hapana, binti. Hali ni ileile ya jana. Ila sisemi hautalipuka. Mlima hauna mkataba na mtu."

Ratri aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza: video ni ya mlima mwingine, kiwango cha tahadhari hakijabadilika, msikaribie kreta. Mwalimu wao, Bu Endang, aliusoma ujumbe huo kwenye kipaza sauti cha msikiti. Watu wakafungua mizigo. Bagas alinuna siku nzima.

Mwezi uliofuata, mlima ulinguruma kweli. Ratri akaandika: "Kituo kimeagiza tuondoke leo. Tupite barabara ya magharibi." Safari hii hakuna aliyebisha wala kukimbia ovyo. Kijiji kizima kilihama, wazee na ng'ombe wakitangulia. Majivu yalipofunika mapaa, hapakuwa na mtu chini yake.

Kambini, Bagas alimletea Ratri sahani ya wali. "Nifundishe kuandika kama wewe," alisema kwa sauti ya chini.

Pak Wiyono alipofika, watoto walimzunguka. "Vyombo vyangu hupima mitetemo," aliwaambia, "lakini haviwezi kuwafanya watu waniamini. Ratri aliipata imani yenu siku alipokataa kuwadanganya. Semeni kweli siku ya utulivu, nanyi mtasikilizwa siku ya hatari."

Baba yake Ratri akawageukia majirani. "Mmesikia? Huyo ni wangu!"

Ratri aliinamia wali wake, akashindwa kuficha tabasamu.