Taa ya Mwisho ni ya Kidoti

Vijiti vilikuwa mia na ishirini, na Fundi alikuwa amevihesabu mara tatu: akivitoa kwenye maboksi, akivichomeka ardhini, na tena akiviunganisha waya. Ndiyo maana jioni ile alipowasha kwa mara ya kwanza na taa ya mwisho ikakataa, hakuogopa hata kidogo. Alikasirika. Fundi umeme mwenye miaka kumi na tisa kazini, anayeitwa viwandani mitambo ikigoma, ashindwe na taa za mapambo kwenye bustani yake mwenyewe!

"Labda imechoka," alisema mkewe akiwa barazani, mikono imejaa povu la vyombo.

"Itachokaje, mama, na haijafanya kazi hata siku moja?"

"Basi imemrithi baba yake," akasema, akarudi jikoni akicheka.

Aliyeumia ni Kidoti. Huyo ni binti yao wa pekee, miaka saba, jina alilipata kwa alama nyeusi iliyoko shavuni. Wiki nzima alikuwa amelala kifudifudi sakafuni pamoja na baba yake, wakichora ramani ya bustani kwenye karatasi ya miraba, wakipanga taa zitakavyokimbia siku za sikukuu: zianzie langoni, zizunguke nyasi, zipite kando ya ukuta, ziishie chini ya dirisha la chumba chake. "Ya kwanza yangu, ya mwisho yako," Fundi alimwambia. "Mimi naanza, wewe unamaliza." Kidoti alichagua rangi ya zambarau, na kwenye kompyuta baba akaandika mstari wa mwisho wa orodha ya rangi: 120, Kidoti, zambarau. Sasa zote ziling'aa isipokuwa hiyo.

Taa za aina hii hazijui namba zao. Sanduku la kuongozea, lililofungwa langoni, hutuma amri mia na ishirini kwenye waya mmoja. Taa ya kwanza huchukua amri ya kwanza na kuzipitisha zilizobaki, ya pili huchukua yake, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama bakuli la nyama linavyopitishwa mezani. Akiketi mlaji ambaye hakualikwa, wa mwisho hulala njaa.

Fundi akatembea kijiti kwa kijiti na ramani mkononi. Taa ya thelathini ilikuwa ya kijani, kama ilivyoandikwa. Ya thelathini na moja ilitakiwa iwe nyekundu, lakini ilikuwa ya bluu, rangi ya ile inayoifuata. Kuanzia hapo kila taa ilivaa nguo ya mwenzake. Kati ya vijiti hivyo viwili palikuwa na nyasi tu na waya mzima, usio na kiungo wala mkwaruzo. Alipima kwa kipima umeme. Alibadilisha waya. Alipochuchumaa alinusa harufu ya nywele zilizoungua, akadhani ni plastiki. Nyasi za hapo zilikuwa zimelala, upana wa nyayo mbili zilizosimama pamoja.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo asiye fundi asingeweza kulifanya. Mtu wa kawaida angechomoa plagi akaenda kulala. Fundi anajua kwamba njiani kukiwa na kifaa kisicho na taa ambacho kinameza amri moja, unakiwekea nafasi tupu kwenye orodha na kazi inaendelea. Akafungua kompyuta, akaingiza mstari mpya baada ya thelathini, akaandika: 31, Nafasi. Orodha ikawa mia na ishirini na moja. Akawasha. Taa zote zikakaa sawa, chini ya dirisha ikawaka zambarau, na Kidoti akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Ulikuwa ugonjwa gani?" mkewe akauliza.

"Hakuna ugonjwa. Kuna mmoja alikuwa anakula bila kuandikwa. Nimemwandika."

Alisema kwa utani. Bahati mbaya utani una masikio mengi kuliko msemaji anavyodhani.

Jioni ya pili rangi ziliharibika tena, safari hii kutoka taa ya thelathini na moja hadi ya hamsini na nane; zilizofuata zilikuwa sawa. Fundi akaunguruma, akahamisha ule mstari wa Nafasi ukaja baada ya hamsini na nane, mambo yakatulia. Jioni ya tatu hitilafu iliishia taa ya tisini, karibu na ukuta wa nyumba, na harufu ya nywele ikaingia hadi sebuleni. Akahamisha tena. Ubishi wa fundi ni kitu kibaya. Alikuwa anamfuata mgeni na kiti mkononi, kila anaposogea amwekee pa kukaa.

Usiku huo huo mkewe alipakua chakula sahani nne. Wao ni watatu na viti ni vitatu. Alibaki na upawa hewani, akiitazama ile sahani ya nne.

"Hii nimempakulia nani?" akauliza taratibu.

"Mawazo tu, Mama Kidoti."

"Si mawazo. Mkono wangu ulihesabu, mimi sikuhesabu."

Kidoti alikuwa anachokonoa vitunguu kwenye mchuzi wake na kuvipanga ukingoni mwa sahani, tabia yake tangu alipoota meno. Hakuinua kichwa.

"Ni ya yule anayesimama kwenye taa," alisema. "Juzi alikuwa mbali, leo yuko hapo ukutani. Ananiuliza kiti changu ni kipi."

Hakuna aliyemaliza kula. Fundi alifunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili kama kawaida yake, halafu akarudi kuuzungusha tena, na wote watatu wakalala chumba kimoja. Nje kulikuwa na mlio mdogo wa kitu chembamba kikichomolewa ardhini polepole na kurudishwa, kikichomolewa na kurudishwa.

Asubuhi Fundi alipopima, mgeni alikuwa amefika baada ya taa ya mia na kumi na tisa. Palibaki kijiti kimoja, kile cha dirishani. Kwa mazoea yaleyale mkono ukahamisha mstari: 120, Nafasi. Kidoti akasukumwa akawa 121. Ndipo akili ikamrudia, akaona alichokiandika. Akampigia simu Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, ni mshonaji wa sare za shule, na watu humletea nguo mchana na mashetani wakati wowote. Alikuja alasiri, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Aliizunguka bustani kimya, akasimama mbali kidogo na dirisha, akaziba pua.

"Mlimpa kitu?" alinong'ona.

"Nafasi tu, Shangazi. Nafasi tupu."

"Tupu kwako, mwanangu. Kwake ni nyumba. Asiyealikwa ningemfukuza kwa dua peke yake. Huyu umemwandika, na mwenye kumwandika ndiye wa kumfuta."

"Nitamfuta sasa hivi."

"Subiri jua liguse paa, nami niwe langoni nasoma. Lisizame kabla hujamaliza, maana leo anamaliza safari yake." Akamshika mkono. "Na usome jina kabla hujafuta. Soma kwa sauti nikusikie. Hawa elimu yao ni kuhamahama."

Fundi akaandika kiganjani kwa kalamu: futa 120.

Jua lilikuwa bado juu kidogo alipoona kijiti cha arobaini kimeng'olewa, kimelala kwenye nyasi, kioo kimepondwa. Bila hicho waya umekatika, na taa zote zinazofuata hazipati kitu. Ilikuwa kazi ya dakika tano: akakikata, akaunganisha ncha za waya, akafuta mstari wake kwenye orodha. Taa zikabaki mia na kumi na tisa, na kila iliyokuwa baada ya arobaini ikashuka namba moja. Nafasi ikashuka. Kidoti naye akashuka. Namba iliyoandikwa kiganjani haikushuka.

Jua likagusa paa. Shangazi akaanza kusoma langoni, sauti yake ndogo na ya haraka, na Fundi akaketi barazani na kompyuta mapajani, na harufu ya nywele ikaja nzito hadi machozi yakamtoka, na vijiti vikaanza kutikisika kimoja baada ya kingine kutoka langoni kuja kwake, tik, tik, tik, kama kuna mtu anayepita akivigusa kwa kidole, na Shangazi akapaza sauti, "Soma jina, mwanangu, soma jina!", naye macho yamejaa machozi haoni herufi, anaona jua tu likiteleza nyuma ya paa na dirisha la mwanawe likitia giza, akatazama kiganja chake, akaitafuta namba 120, akafuta.

Kukawa kimya. Harufu ikaondoka mara moja. Vijiti vikatulia.

"Umesoma?" Shangazi akauliza kwa pumzi fupi.

"Nimemaliza, Shangazi," alijibu, na kwa kuwa lilikuwa jibu zuri, mzee wa watu akashukuru, akakunja utepe wake, akaenda zake kabla barabara haijaingia giza.

Fundi aliwasha taa. Zilikimbia vizuri kutoka langoni, zikazunguka nyasi, zikapita ukutani. Ya dirishani haikuwaka. Itakuwa kiungo, alijiambia, nitaangalia kesho. Alikuwa na furaha, na furaha humfanya mtu mvivu wa kuuliza.

"Njooni mle!" mkewe aliita.

Aliingia na kompyuta kwapani, akaketi kwenye kiti chake. Mezani palikuwa na sahani tatu. Mkewe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana, na Kidoti ameketi kwenye kiti chake, alama yake shavuni, anakula.

"Umemuona mwanao?" mkewe akasema. "Leo anakula mpaka vitunguu."

Fundi alitazama sahani. Ukingo wake ulikuwa safi. Kijiko kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, na vitunguu vikaenda pamoja na vingine.

"Kidoti," alisema. "Taa yako ni ipi?"

Mtoto akafikiri. "Ile ya katikati," akasema.

Fundi akaifungua kompyuta. Alishuka hadi mwisho wa orodha. Mstari wa mwisho ulisomeka: 119, Nafasi. Baada yake hapakuwa na kitu. Alitafuta jina la mwanawe juu hadi chini, na halikuwepo popote. Mimi ndiye, alijiambia, ni mimi, kwa kidole changu. Akaandika, herufi kwa herufi, akisoma kila moja kwa sauti: 120, Kidoti, zambarau.

Kupitia mlango wa chumba kilichokuwa giza akaona mwanga wa zambarau ukipanda dirishani. Na kwenye mlango wa nje pakagongwa, chini, kimo cha mtoto.

"Baba, nifungulie. Baridi."

Mkewe alikuwa anamimina maji kwenye glasi. Hakugeuka. Aliyeketi mezani ndiye aliyeacha kula, akaweka kijiko chini kwa adabu.

"Usimfungulie, Baba," alinong'ona. "Atakaa wapi?"

Viti vilikuwa vitatu. Fundi alivitazama. Alimtazama mkewe, shingo yake, kanga iliyolegea begani, na akampenda kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua. Hapakuwa na muda wa kumwita Shangazi, na mlango uligongwa tena, dhaifu zaidi. Akasukuma kiti chake nyuma, akasimama.

"Atakaa changu," akasema.

Akafungua. Kitu kidogo chenye baridi kali kikampita ubavuni kikikimbia, na alipogeuka amwone alikuwa tayari ng'ambo ya kizingiti, kwenye ngazi za nje, bila kukumbuka kupiga hatua. Kule langoni taa ya kwanza, ile yake, ikazimika. Zilizobaki ziliendelea kuwaka, zote, jambo ambalo fundi yeyote atakwambia haliwezekani.

Ndani, mkewe aliinua kichwa. "Baba Kidoti, hebu funga mlango, baridi inaingia."

Alifungua mdomo ajibu. Lakini jibu lilitoka mezani, kwa sauti yake mwenyewe, "Haya, mama," na mtu aliyevaa shati lake akainuka kwenye kiti chake, akaja bila haraka, akafunga. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Fundi akapiga mlango kwa ngumi, akaita, akaita tena. Kwenye dirisha la sebule alimwona Kidoti, Kidoti wake, kwenye kiti chake mwenyewe, analia, vitunguu vimepangwa ukingoni mwa sahani.

"Mama, Baba yuko nje."

"Baba yako si huyu hapa?" mama akasema, akimpangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."