Dakika Arobaini na Tano za Maji

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nilipita bustani ya shule yetu hapa Korba kutazama miche ya pilipili. Ilikuwa miche mia tatu, ya Ami Hedi, mlinzi wa shule, na shamba lake la mwaka huu liliitegemea hiyo. Pampu iliimwagilia dakika nne kila alfajiri, kwa programu niliyoandika katika klabu ya kompyuta. Rafiki yangu Sirine aliandika programu ya kengele.

Siku ya tatu ya Ramadhani nilifika nimechoka, midomo imekauka, nikakuta bustani imekuwa dimbwi na miche imelala topeni. Ami Hedi alikuwa ameweka jembe lake chini, akijaribu kusimamisha mche mmoja mmoja. Heri angenifokea.

"Pampu imekwenda dakika arobaini na tano," alisema Mwalimu Rafika, msimamizi wa klabu. "Nani amegusa mafaili wiki hii?"

"Mimi," Sirine akajibu. "Lakini nimebadilisha kengele tu, Mwalimu. Si vipindi vimefupishwa kwa ajili ya mfungo?"

"Kengele tu, na tumepata bwawa la bata!" Ghaith akadakia. "Mtoe klabuni, Mwalimu, kabla hajatuzamisha sote!"

Wenzetu wakacheka. Mwalimu akasema Sirine asiguse tena kompyuta mpaka chanzo kijulikane.

Katika chumba cha kompyuta nilifungua faili langu la maji, nikaona kilichotokea. Klabuni kwetu, ukiazima kitu cha mwenzako unakiita pamoja na jina la faili lake: "kengele.saa", yaani saa iliyomo katika faili la kengele. Mimi niliona uvivu kuandika hivyo kila mstari. Nilihitaji saa tu, lakini mwezi uliopita niliiamuru kompyuta iniletee kila kilichomo katika faili la Sirine, kwa majina matupu. Ikafanya kazi, nikajiona hodari. Sasa Sirine alikuwa ameongeza kitu alichokiita "muda", dakika arobaini na tano za kipindi. Kikaingia kwangu na kufuta "muda" wangu wa dakika nne. Yeye hakukosea lolote.

Nilichoka hata nikatamani kunyamaza. Nani angejua? Lakini Sirine alikuwa dirishani, akijifuta macho kwa mkono wa shati, na nilijionea aibu.

"Mwalimu, kosa ni langu," nikasema. Nikamwonyesha ule mstari.

"Wewe Emna!" Sirine akageuka. "Na mimi tangu asubuhi najitukana bure!"

"Nisamehe, shoga yangu."

Niliufuta ule mstari, nikaandika majina kwa ukamilifu, tukajaribu pampu kwa saa ya mkononi. Ilizima baada ya dakika nne kamili. Kisha tukachimba mifereji na Ami Hedi mpaka adhuhuri, na kiu zetu. Miche mia moja na themanini ilisimama tena. Iliyobaki ilikufa.

Mwalimu Rafika alinisubiri ninawe mikono.

"Ukiazima, Emna, chukua unachohitaji tu, na utaje ni cha nani," alisema. "Na ukiharibu, jitaje wewe mwenyewe. Mapema, kabla mwenzako hajalia."