Sindano ya Daktari wa Tarbaj

"Usimguse huyo daktari mpaka uwe na hakika ni wa bandia," sauti ilikwaruza kwenye Thuraya, simu ya setilaiti. "Ukimpiga risasi mtoto wa watu, ukoo wake utadai damu."

Arbia, jasusi wa Idara ya Usalama, alikanyaga mafuta. Land Cruiser iliiacha Garissa ikielekea Dadaab.

"Hiyo dawa ya magendo anayotaka kuwadunga watu inafanya nini, Abdihafid? Kwa ufupi."

Mtaalamu wa maabara alijibu kwenye simu hiyohiyo. "Seli B, askari wa kinga ya mwili, huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Kila moja huonyeshwa kwanza vipande vya mwili wenyewe. Ikivishika, hupewa nafasi ibadilishe kipokezi chake. Ikishindwa, inajiua humohumo. Dawa hii inazuia kifo hicho."

"Kwa hiyo zinatoka hai."

"Zinamla mwenye mwili. Figo, ngozi, viungo. Kisha wenye dawa wanamuuzia tiba."

Arbia alitukana kimoyomoyo. Mama yake alikuwa na magoti mabovu, na jana alikwenda Dadaab kumfuata daktari wa bure.

Huko Dadaab, hema la daktari lilijaa watu. Kwenye kiti cha mbele alikaa mama yake, Hawo, mkono wa buibui umepandishwa hadi begani. Mwanamume mwenye koti jeupe alimwinamia, sindano mkononi.

"Daktari Jelle," Arbia alisema. "Wa Tarbaj?"

"Mzaliwa wa huko."

"Mwanangu, wacha daktari afanye kazi!" Hawo alifoka. "Nimepanga foleni tangu alfajiri niwe wa kwanza!"

"Nitajie ukoo wako, daktari."

Jelle alitabasamu. Akaanza na babu mkuu wa ukoo wa kina Hawo, akashuka jina kwa jina, asikosee hata moja.

Arbia alichomoa Glock.

Huku kwa Wasomali mtoto hufundishwa kabla hajajua kuchunga mbuzi: unaanza na jina lako, kisha baba, kisha babu, unapanda. Anayeanzia juu amekaririshwa ukubwani.

Jelle aliusoma uso wake. Akaisukuma sindano kuelekea mkono wa Hawo.

Risasi moja.

Sindano na vidole viwili vilianguka mchangani. Watu walipiga mayowe. Arbia alimlaza yule mtu kifudifudi, akamtia pingu. Alitamani kufyatua ya pili.

"Hakuna aliyedungwa," aliiambia Thuraya. "Masanduku yote ya dawa yako hapa. Njooni mmchukue."

Hawo aliteremsha mkono wa buibui polepole.

"Walahi, hayo ni majina ya baba zangu. Nani alimfundisha?"

Arbia alivaa miwani ya jua.

"Mmoja wetu wa ukoo, hooyo," alimwambia mama yake.

Akatoka hemani bila haraka, bastola bado mkononi.