Lango Namba Tatu

Kila Jumamosi ambayo timu ya soka ya Skelbeck Town ilicheza nyumbani, Bryony Oldroyd alivaa skafu yake ya bluu na nyeusi, akamshikia babu yake kopo la chai, nao wakateremka mtaa wa Kiln hadi uwanjani. Babu Wilf alikuwa mlinzi wa lango namba tatu kwa miaka thelathini na mmoja. Lango lenyewe lilikuwa la vyuma vizito vinavyozunguka. Ukishalipa, Babu alikanyaga pedali, vyuma vikazunguka, na kidude cha kuhesabu watu kikalia tak.

Bryony alipokuwa na miaka minne, Babu alimnyanyua akampitisha juu ya vyuma bila kulipa, kama yeye Babu alivyopitishwa na baba yake zamani. Watu wengi wa Skelbeck waliingia uwanjani hivyo kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeuita wizi.

Sasa Bryony alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado alipita bure, akiinama chini ya vyuma. Tena hakupita peke yake. Msimu ulipoanza alimleta Kit, rafiki yake wa darasani.

"Huyu amelipiwa ofisini, Babu," alisema.

Haikuwa kweli. Pauni tatu za kiingilio cha Kit ziliishia kwenye dirisha la kuuzia pai. Lakini Babu hakuwa na sababu ya kumshuku mjukuu wake, akamwacha Kit naye ainame chini ya vyuma, na kidude hakikulia. Mechi iliyofuata walikuja wanne, kisha kumi. Kufikia Februari, watoto karibu thelathini walipanga foleni langoni pale, na kila mmoja alikuwa "amelipiwa ofisini".

Jumanne moja, Bryony alirudi kutoka shule akamkuta mwenyekiti wa klabu, Bwana Hebden, jikoni kwao. Hakuwa amevua koti.

"Alhamisi saa kumi anakuja mkaguzi wa ligi, Wilf," alisema. "Tukishindwa kumwonyesha kwamba tunaweza kujisimamia kifedha hadi mwisho wa msimu, hatupewi leseni. Unakumbuka yaliyowapata Marfield."

Bryony aliyakumbuka. Marfield walifungiwa mwaka uliopita. Uwanja wao sasa ulikuwa maegesho ya magari.

"Basi mwonyeshe vitabu," alisema Babu.

"Vitabu ndivyo vinavyonitia hofu. Kwenye jukwaa lako, wasimamizi wanahesabu vichwa kwa ajili ya usalama. Kila mechi vichwa vinazidi hesabu ya lango lako kwa watu thelathini hivi, na ofisini hakuna malipo yao."

Babu aliweka kikombe chini taratibu. "Unasema nimeiba?"

"Mimi sisemi. Lakini atakayesema yuko njiani."

Babu alitoa ufunguo wa lango mfukoni, akausukuma katikati ya meza. Bryony akapanda chumbani, akakaa kitandani na skafu mapajani, akisikia kila neno la chini na kuogopa kusikia jina lake.

Siku ya pili alimvuta Kit pembeni ya uwanja wa shule, akamweleza yote.

"Ukifungua mdomo, usinijue tena," alisema Kit. "Baba yangu akisikia, nimekwisha."

"Wanafikiri Babu ni mwizi."

"Mzee yule? Watamsamehe, bwana. Na klabu ina miaka mia moja. Haiwezi kufa kwa pauni tatu zangu."

Bryony alipiga hesabu nyuma ya daftari lake la jiografia. Pauni tatu, watoto thelathini: pauni tisini kwa mechi moja. Akazidisha kwa mechi za nyumbani, kisha akaifuta hesabu upesi, kana kwamba mtu alikuwa akimchungulia begani.

Alhamisi ilipofika, alitoka shule akaenda moja kwa moja uwanjani. Mlangoni mwa ofisi aligeuka kuondoka. Ndipo akamsikia Babu ndani.

"Mama, sijachukua hata senti. Niliambiwa wamelipiwa ofisini, ila aliyeniambia simtaji."

Bryony akasukuma mlango. Mkaguzi, Bi. Thackray, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani, aliinua kichwa kutoka kwenye vitabu.

"Ni mimi," alisema Bryony, na sauti yake ikatoka nyembamba mno. "Nilimdanganya Babu kwamba wamelipiwa. Mwanzo alikuwa mmoja tu."

Bwana Hebden alijishika paji la uso. Babu hakumtazama Bryony, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Wangapi?" aliuliza Bi. Thackray.

"Kama thelathini. Kila mmoja aliona pauni tatu si kitu."

"Klabu nyingi nilizozifunga, mwanangu, zilivuja tone tone, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba tone lake si kitu. Kukiri peke yake hakunifanyi nisaini leseni. Lakini tundu likijulikana lilipo, huzibwa." Akamgeukia mwenyekiti. "Nawapa hadi mwisho wa Aprili. Nataka hesabu ya lango na ya vichwa ziwe sawa, mechi kwa mechi. Zisipokuwa sawa, nitarudi na barua ya kuwafungia."

Walipokuwa wakiondoka, Bwana Hebden alimrudishia Babu ufunguo wa lango.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha. Bryony alikuwa amezunguka mitaa yote akiwaambia wenzake ukweli. Wengine walimfungia mlango, na Kit hakumsemesha. Alisimama kwenye foleni akiogopa kwamba nyuma yake hakuna mtu. Alipogeuka, akahesabu watoto kumi na tisa. Kit alikuwa wa mwisho, kofia imemfunika macho, sarafu ngumini.

Bryony aliweka pauni zake tatu mbele ya Babu, na nyingine mbili za akiba yake, za kuanza kulipa ya nyuma. Babu alizitazama, kisha akamtazama yeye.

"Kosa langu nami nimeliona," alisema. "Nilikupitisha juu ya vyuma hivi kwa sababu ulikuwa mdogo, halafu nikasahau kwamba umekua. Mtoto hubebwa, Bryony, ili siku moja naye abebe. Ukikipenda kitu, usione haya kukilipia, wala usiogope kusema ukweli kwa ajili yake."

"Mzee, tunalowa huku," mtu alilalamika nyuma.

"Loweni tu, hamtayeyuka," Babu alimjibu, akakanyaga pedali.

Tak.